Bunduki ya misumari ikigoma, soma kovu kwanza

Hamjambo, karibuni tena. Leo niko Riat, hapa juu ya Kisumu, kwenye nyumba ambayo dari ya jipsamu bado tunaifunga, kwa hivyo mkisikia mwangwi ni chumba kitupu. Hii niliyoshika ni bunduki ya misumari ya baruti, ile ya kupakia risasi moja moja. Wengi mmeniuliza kama inafaa kununuliwa. Inafaa. Ila ilinisumbua karibu wiki mbili kabla sijaielewa, na sitaki iwasumbue ninyi.

Kwa ambaye hajawahi kuishika: msumari unaingia mbele, kwenye mtutu. Risasi, hizi za .22, yaani upana wa karibu inchi 0.22, inakaa nyuma yake. Haina kichwa cha kuruka kama ya askari, ni ganda lenye baruti, mdomo umekunjwa. Unakandamiza mtutu kwenye zege mpaka uingie wote, ndipo triga inafanya kazi. Pini inagonga ganda, baruti inawaka, gesi inasukuma pistoni, pistoni inapigilia msumari. Nguvu inajulikana kwa rangi: kati ya hizi tatu, kijani ni ya chini, njano inafuata, nyekundu ni kali kuliko hizo mbili. Anza na ya chini kila unapoanza kazi mpya.

Sasa tuje kwenye shida. Nilikuwa nafunga chaneli, vile vyuma vya kushikilia dari, kwenye slabu ya zege, siku ya tatu bunduki ikaanza kugoma. Tak, kimya. Tak tena, kimya. Kufika saa kumi jioni risasi 11 zilikuwa zimekataa. Nikazilaumu risasi. Ni masika, unyevu wa ziwa unaingia kila mahali, nikasema hizi zimeshika maji. Nikaenda dukani nikaongeza boksi, rangi ileile. Nazo zikagoma.

Kijana ninayefanya naye kazi ndiye aliyeniambia, "Fundi, hebu linganisha makovu." Sogeza kamera hapa. Mnaona kitako cha ganda? Kwa risasi hizi, baruti ya kuwashia haiko katikati. Iko ndani ya ukingo, huu mwembamba unaozunguka kitako. Pini lazima iponde ukingo wenyewe, ibane ile baruti, ndipo cheche itoke. Ganda hili la kushoto lililia: kovu limezama, ukingo umebonyea. Picha hii ya kulia ni ya moja iliyokataa: mkwaruzo tu, kama alama ya ukucha kwenye sabuni. Risasi haikuwa na kosa lolote. Haikugongwa vya kutosha.

Nikaifungua bunduki. Masizi yalikuwa yameganda ndani kama ukoko wa ugali chini ya sufuria, yamejaa mpaka kwenye tundu ambamo pini inapita. Pini ilikuwa inafika imechoka. Nikasugua kwa brashi ya waya, nikapangusa kwa kitambaa kikavu, na kesho yake lile boksi la pili halikukataa hata risasi moja.

Kwa hivyo kovu likiwa jepesi, angalia bunduki: masizi, springi iliyolegea, ncha ya pini iliyolika, au mkono wako haukukandamiza mpaka mwisho. Hilo la mkono linatokea sana ukiwa juu ya ngazi umenyoosha mikono juu ya kichwa. Pasipo na kovu kabisa, pini imekwama au imevunjika. Lakini kovu likiwa limezama vizuri na risasi bado imenyamaza, hapo ndipo ulaumu risasi: imelowa, imeingiwa na mafuta, au baruti ya kuwashia haikuenea ukingo mzima kiwandani. Na ukiipaka bunduki mafuta, yafute mpaka ikauke mahali risasi inapokaa.

Hapa naomba mnisikilize vizuri sana. Risasi ikigoma, usiondoe bunduki ukutani. Inaweza kuwaka kwa kuchelewa. Endelea kuikandamiza sekunde 30, uhesabu kweli. Jaribu tena mara moja. Ikikataa, ngoja sekunde 30 nyingine ukiwa bado umekandamiza, ndipo uitoe risasi taratibu, mtutu ukiwa mbali na watu, na risasi hiyo uitie kwenye ndoo ya maji. Usiichokoe kwa bisibisi wala msumari. Usiitupe kwenye takataka zinazochomwa, maana watoto wa mtaa huokota vitu huko.

Bunduki yenyewe naipenda. Mshiko wake una mpira na hauchoshi mkono, na kazi ya drili ya siku nzima inaisha kabla ya chakula cha mchana. Brashi iliyokuja nayo haifai, nywele zake ni laini mno. Nunua ya waya na usafishe kila jioni. Vaa miwani na viziba masikio, ndani ya chumba kama hiki mlio wake unaumiza. Usiitumie kwenye bloku zenye matundu, msumari unaweza kutokea upande wa pili. Kwenye zege, kaa angalau sentimita 7.5 kutoka ukingoni. Na kama huijui zege, chukua msumari uleule uugonge kwa nyundo ya kawaida kwanza: ncha ikibutuka, pale ni pagumu mno, pakipasuka, achana napo, ukizama kirahisi, ni palaini mno.

Risasi zangu sasa nazihifadhi kwenye mkebe wenye kifuniko cha kubana, na hazilali kwenye sakafu ya mjengo. Zile zilizobaki kwenye boksi la kwanza, nililolilaumu, zote zililia. Ndizo zilizofunga chaneli hizi mnazoziona juu yangu.