Uzoefu wangu: mazoezi ya mapafu hapa Arusha, dada safi, kijana hapana

"Mzee, acha uvivu, wenzako wanasubiri." Nimeambiwa hivyo mbele za watu na kijana ninayeweza kumzaa, na mpaka sasa bado inaniuma.

Nimechoronga miamba kwenye migodi ya tanzanite ya Mererani miaka mingi, tena tukichoronga kavu bila maji, vumbi la mawe lote linaishia kifuani. Majibu yakaja: silikosisi. Haiponi, makovu ya mapafu hayafutiki. Daktari akaniandikia mazoezi kwenye kituo kimoja hapa mjini, mara mbili kwa wiki.

Sasa sikilizeni. Kuna kipimo cha kutembea dakika sita, unakwenda na kurudi kwenye korido, wanaangalia umefika umbali gani. Dada wa fiziotherapia alishatueleza vizuri: ukibanwa simama, egemea ukuta, saa inaendelea, ukipata nafuu unaendelea. Huo ndio utaratibu wake. Dada akaitwa nje, saa ikabaki kwa kijana. Nikabanwa, nikasimama, ndipo akanitolea hayo maneno. Nikamnyooshea kidole chenye kile kifaa cha kupima oksijeni, kinasoma 84, yaani imeshuka mno. Hata hakutazama! Aliyefuata, apolo (mchimbaji) mwenzangu, akaogopa kusimama. Alitembea mpaka midomo ikabadilika rangi. Mtu angetufia pale, jamani, kwa kuogopa kuitwa mvivu.

Mazoezi yenyewe siwezi kuyasema vibaya. Hayatibu mapafu, yanaipa miguu nguvu, na misuli iliyozoea kazi haidai hewa nyingi. Dada alitufundisha kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa polepole huku midomo imebanwa. Zamani nilikuwa nasimama kila nguzo ya umeme. Siku hizi nakwenda soko la Kilombero kwa miguu na kurudi na mfuko wa viazi. Mke wangu ni shahidi. Kwa hilo nilikuja hapa na nyota nne mkononi.

Lakini nilipolalamika, mkubwa wao akanijibu, "Mvumilie, mzee wangu, bado anajifunza." Anajifunzia pumzi yangu? Basi ni mbili. Hapana, moja, na hiyo ni ya dada. Mtu wa vumbi anayetaka kwenda, aende, mazoezi yanasaidia kweli, ila apige simu kwanza aulize dada yuko zamu siku gani. Akikuta saa imeshikwa na yule kijana, asikubali kupimwa.