Laptopu ya mtumba: uliza jen kwanza, mengine baadaye

Risiti ninayo hapa mezani. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Laptop i5, Win 11, waranti wiki 2, betri na kioo havihusiki." Chini yake shilingi 480,000 na muhuri uliokolea upande mmoja. Nilinunua Kariakoo, duka silitaji, nikarudi na daladala nimeikumbatia kama mtoto. Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa ya Windows 10, na tangu 14 Oktoba 2025 Microsoft wameacha kuihudumia. Humo ndimo ninamoingilia benki, ninamojazia ritani za kodi, na nywila zangu zote zimo. Nikasema nihamie 11, nilale.

Wiki ya tatu, waranti imeshakata roho, nikagundua masasisho hayaji. Nikaandika winver kwenye kisanduku cha kutafutia, nikabonyeza Enter. Toleo 22H2. Hilo kwa Windows 11 za nyumbani lilifikia mwisho wa matunzo Oktoba 2024, mwaka mzima kabla ya ile Windows 10 niliyoikimbia! Nimelipa laki nne na themanini kuhama nyumba isiyo na mlango kwenda nyumba nyingine isiyo na mlango, hii imepakwa rangi tu.

Kosa langu lina jina: i5-6300U. Tazama tarakimu inayofuata kistari. Sita. Hiyo ndiyo jen, kizazi cha prosesa, ubongo wa kompyuta. Windows 11 inataka Intel ya jen ya 8 kwenda juu, ukiacha chache mno za jen ya 7. Namba ikianza na 1, soma tarakimu mbili: i5-10210U ni jen ya 10, i5-1135G7 ni ya 11. Fundi wa duka alikuwa ameilazimisha 11 kwa flashi iliyochongwa iruke ukaguzi. Inawaka vizuri, menyu ipo katikati, kila kitu kinang'aa. Ila mashine ya namna hiyo Microsoft hawaiahidi masasisho, na toleo jipya la kila mwaka halijileti lenyewe. Toleo lililopo likiisha muda, umebaki yatima.

Na uyatima huo si wa kinadharia. Mwaka 2017 Microsoft walitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu la usalama, mwezi Machi. Mei kirusi cha WannaCry kikapita dunia nzima kupitia tundu lilelile, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Walioumia ni ambao hawakuwa na kiraka. Kompyuta isiyopata viraka kabisa iko katika hali hiyo kila mwezi.

Kwa hiyo leo siongelei RAM, ukubwa wa diski wala kioo cha kugusa. Hayo kila duka litakuimbia bila kuombwa. Dukani bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha CPU. Jina kamili la prosesa liko juu kulia. Stika ya pembeni mwa kibodi usiitazame hata kidogo. Nimeshaona karatasi nzima ya stika za "Core i7" juu ya kaunta, kijana anabandua moja moja kama stempu.

Sasa mpangilio wangu, na sifichi upendeleo.

Ya kwanza ni ThinkPad T480. Ninayo sasa, ndiyo ninayoandikia. Ya kwangu ina i5-8350U, na Windows 11 imeingia kwa njia ya halali bila kuvunja dirisha. Ina betri mbili, moja ndani na moja unayoichomoa kwa mkono, kwa hiyo umeme ukikatika unabadilisha ya nje kompyuta ikiwa bado inawaka. RAM inaongezwa, kibodi yake sijaona mpinzani. Kasoro yake ni matundu ya chaji ya USB-C: ni hayo mawili tu, na yote yakilegea au yakifa huna njia nyingine. Chomeka chaja dukani, tikisa waya, jaribu matundu yote mawili. Muuzaji akinuna, muache anune.

Ya pili HP EliteBook 840 G5. Nyembamba kuliko yangu, na watu wa ofisini wanaipenda. Lakini hapa ndipo mtego ulipo: G5 zilitengenezwa za jen ya 8 na nyingine za jen ya 7, mwili uleule. Msomaji mmoja aliniandikia analia, amenunua G5 kwa sababu niliisifu, kumbe ndani ni i5-7200U. Modeli haitoshi, dada. Namba ya prosesa.

Ya tatu Dell Latitude 5400. Iko sawa. Sina la kuongeza.

Ya nne, ibaki ileile ya zamani uiwekee Linux Mint, mfumo unaokaa badala ya Windows. Ni bure, faili lake ni karibu GB 3 za bando, na inaendesha Firefox na LibreOffice bila kulalamika. Kwa anayeishia kwenye barua pepe na kuandika nyaraka, hii inashinda mtumba wowote wa laki tatu. Mwenye programu ya mahesabu ya dukani iliyotengenezwa kwa Windows tu, asijisumbue.

Ya tano ni kununua muda. Mwenye Windows 10 toleo 22H2 anaweza kujiandikisha kwa nyongeza ya viraka hadi 13 Oktoba 2026, akiwa na akaunti ya Microsoft.

Vya bei chee: MacBook Air ya 2017 inaishia macOS Monterey, mfumo ambao Apple hawautolei tena viraka, na Chromebook za mtumba nyingi zimekaribia tarehe yao ya mwisho wa masasisho. Pita.

Kinachonikera si bei. Ni kwamba ukiuliza "i5 ya jen ngapi?" unajibiwa "dada, i5 ni i5," halafu kijana anageukia mteja mwingine. Wanajua! Ukitaja jen ya 8 mwenyewe, ghafla inatolewa kwenye kabati la nyuma, na bei inapanda laki moja palepale. Na kila laptopu ni ya UK, ya ofisini, haikutumika hata miezi sita. Hao Waingereza wananunua za nini?

Ukishafika nayo nyumbani, futa Windows ya duka yote, hata kama inafanya kazi. Huwezi kujua kraki gani, programu ya kukwepa leseni, ilitumika kuiamsha, wala kama kinga ya virusi iliachwa wazi kwa ajili yake. Pakua upya kutoka tovuti ya Microsoft; laptopu za ofisini kwa kawaida leseni yao imo ndani ya mashine na itajitambua yenyewe.

Jumamosi namsindikiza mama mdogo kununua ya kwake. Nimemweleza jen, viraka, tundu la chaji, kila kitu, dakika ishirini kwenye simu. Akaniuliza swali moja tu: hizo ThinkPad hakuna za rangi ya dhahabu?