Alamu, GPS au mnyororo? Kabla hujafunga chochote kwenye boda yako, tuangalie waya kwanza

Habari zenu wadau, karibuni tena mezani. Leo nina vitu ambavyo mnaniuliza kila siku, alamu ya rimoti hii hapa, GPS hii hapa, mnyororo na makufuli yake, na haka kaswichi kadogo ambako watu wengi wanakadharau, vyote tutavichambua, ila kabla sijafungua boksi hata moja naomba nisogeze kamera huku chini ya tanki muone kitu.

Hii ni Boxer, imeletwa jana ikiwa inasukumwa. Dogo anaiendesha kwa mkataba, na mnajua mkataba ulivyo, pikipiki ikilala hesabu hailali, bosi anataka chake jioni. Anasema akikata kona ya kushoto injini inazima, akinyoosha usukani inawaka yenyewe. Juzi imemzimikia katikati ya kona na nyuma yake kuna lori. Fundi wa kwanza kabadilisha plagi, wa pili kabadilisha CDI, kile kiboksi kinachoamuru plagi itoe moto, hela imeenda na ugonjwa uko palepale.

Sasa angalieni hapa shingoni, hapa ambapo waya zote zinapita kwenda mbele. Mnaona hii nailoni nyeusi? Naivuta hivi, inatoka yenyewe, gundi imeshayeyuka na joto. Na ndani mnaona rangi gani? Kijani. Hiyo shaba imeliwa. Huu waya mwekundu ni wa alamu, aliyefunga alamu kachuna waya mkuu unaoenda kwenye swichi ya ufunguo, kausokotea huu wa kwake juu, kazungushia nailoni, basi. Na kachagua kusokotea hapa shingoni, sehemu ambayo kila ukigeuza usukani waya unajikunja na kujinyoosha, kutwa nzima, kwenye barabara zetu hizi. Nyuzi za ndani zimekatika moja moja mpaka zimebaki tatu, hebu nisogeze, moja, mbili, tatu. Umeme wote wa pikipiki unapita kwenye nyuzi tatu.

Ndio maana nataka mnielewe vizuri leo. Nikiangalia pikipiki zinazoletwa hapa kwangu na malalamiko ya "alamu imeniharibia pikipiki", mara nyingi alamu yenyewe ni nzima, kilichoua ni namna ilivyofungwa, au imefungwa juu ya wayaringi ambayo tayari ilikuwa mgonjwa. Kwa hiyo ukija kwangu na kifaa chako kipya mimi nashika mita kwanza.

Na mita sio kitu cha kuogopa, hii ya njano ya bei ya chini kabisa inatosha. Pikipiki ikiwa imezimwa na imepumzika, unapima betri, nzima iliyojaa inasoma kama volti 12.6 mpaka 12.8. Ukikuta 12 au chini yake, hiyo haina chaji, usifunge kitu. Halafu unawasha, unavuta mafuta kidogo, inatakiwa ipande, 13.5 mpaka 14.5 hapo. Isipopanda kabisa ujue haichaji, kagua rektifaya, kile kifaa kinachorekebisha umeme wa kuchaji betri, kagua koili za kwenye sumaku na soketi yake, maana hiyo soketi inaungua sana, unaikuta imekuwa kahawia. Ikipita 15 rektifaya imekufa kwa upande wa pili, inamwaga umeme, na hapo utaipika betri na kuchoma taa na hiyo GPS yako ya elfu 70 itaondoka nayo. Baada ya hapo hamishia mita kwenye waya unaotoka swichi ya ufunguo, geuza usukani kushoto na kulia huku unaangalia namba za mita, zikicheza ujue shingoni kuna waya umekatika ndani ya mpira wake, kwa nje huwezi kuuona.

Fyuzi sasa. Jamani, jamani. Hii nimeitoa kwenye pikipiki nyingine wiki hii, ni karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, imekunjwa imewekwa mahali pa fyuzi. Fyuzi inaungua ili waya usiungue, hiyo ndio kazi yake pekee. Ukiweka hiyo karatasi au ukifunga kiwaya, siku ikipiga shoti kitakachoungua ni waya wenyewe, na waya unapita chini ya tanki la petroli, na juu ya tanki umekaa wewe na abiria. Fyuzi ni mia tano, elfu moja. Soma namba iliyokuwepo, kama ni 10 weka 10, kama ni 15 weka 15, na ikiungua tena mara ya pili usiongeze namba, tafuta shoti.

Hapa shingoni nitafanya hivi. Nakata sehemu yote ya kijani mpaka nikute shaba inayong'aa, naweka kipande kipya cha waya wa unene uleule, siungi palepale pa kujikunja, naleta maungio huku nyuma ambapo waya umetulia, nachomelea kwa risasi, nafunika na haya mampira yanayosinyaa ukiyapasha moto, halafu nabana waya kwenye fremu usicheze. Hapo pa kubana wengi wanaparuka, na ungio la risasi ni gumu, likiachwa linaning'inia na mtetemo wa injini waya unakatika pembeni yake tu. Na hivi viklipu vya bluu vinavyouma waya bila kuuchuna, kwenye pikipiki mimi sivitumii, maji yanaingia, hasa kwa nyie mnaoosha kwa mashine ya presha.

Haya, sasa tufungue maboksi.

Alamu hii nimenunua Kariakoo 30,000, inakuja na rimoti mbili, king'ora, na huu msitu wa waya. Ukiigusa pikipiki inapiga kelele, na kelele ni kubwa kweli, sikilizeni. ... Mmesikia. Kwa pikipiki inayolala uani, au unayoiacha nje ya gesti, sokoni, hospitali, hii inasaidia, maana mwizi wa namna hiyo anataka kimya. Tatizo la kwanza ni hisia zake, ukiziweka juu sana lori likipita inalia, paka akipanda inalia, baada ya wiki mbili majirani wamezoea na wewe mwenyewe hunyanyuki kitandani. Shusheni hisia mpaka ilie ukiisukuma. Tatizo la pili ndio linaniumiza zaidi, hiki kitufe cha kuwasha injini kwa rimoti. Watu wanakipenda sana. Pikipiki ikiwa ndani ya gia, mtoto akashika rimoti sebuleni akabonyeza, selfu inaisukuma pikipiki mbele, inaanguka, au inamfuata mtu. Mimi huo waya wa kuwashia siuungi kabisa, nausinyazia kampira kwenye ncha nauacha, mteja akikasirika namwelewesha.

Tatizo la tatu ni betri. Nimeunga mita hapa kwenye negativu, pikipiki imezimwa, alamu iko macho, inasoma milliampia 20. Unaona ni kidogo, ila piga hesabu, kwa masaa 24 ni Ah 0.48, Ah ndio kipimo cha ujazo wa betri, na betri hii imeandikwa 12V 5Ah. Yaani kama siku kumi imekauka kabisa, na selfu itagoma mapema sana kabla ya hapo. Boda anayetembea kutwa hawezi kuona tofauti, lakini wewe mwenye pikipiki ya kutoka Jumapili kwa Jumapili utakuja kulalamika betri ni feki.

Sasa GPS, na hapa nitakaa kidogo maana ndio mnayoitaka. Nyingi hizi za waya nne zinafanana, mwekundu wa pozitivu, mweusi wa ethi, wa chungwa wa kujua kama ufunguo umewashwa, na wa njano wa kuendesha rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ya kuzimia injini. Ndani kuna kibetri chake kidogo na laini ya simu. Kwa nini naisifia? Kwa sababu dereva wa bodaboda pikipiki yake haiibiwi sana ikiwa imepaki. Anakodiwa usiku kama abiria wa kawaida, anapelekwa sehemu ya giza, anakabwa, ufunguo unachukuliwa. Hapo alamu itamlilia nani? Mnyororo uko kwenye bakuli la siti. Kilichobaki ni kitu kinachoondoka na pikipiki kikakutumia ujumbe iko wapi. Kwa hiyo swali la kwanza kabla hujatoa hela sio kipi kizuri, ni pikipiki yangu itaibiwaje.

Laini sajili kwa jina lako na kidole chako mwenyewe, usikubali fundi akuwekee laini yake, maana kila anayeijua namba na paswedi anajua unalala wapi. Na paswedi ya kiwandani, 123456 au 0000, badilisha siku hiyohiyo. Weka salio, kumbuka kuiongezea, nimeona mtu kaibiwa anafungua simu anakuta GPS ilishakufa miezi miwili nyuma kwa kukosa bando. Na usiifunge chini ya siti juujuu, ndio sehemu ya kwanza mwizi kuipapasa. Ila pia usiifunike na chuma juu, inatakiwa ione mbingu, plastiki haina shida.

Kuhusu kuzima injini kwa simu. Boksi limeandikwa inakata mafuta, lakini hizi pikipiki zetu za kabureta hazina pampu ya umeme, kwa hiyo tunachokata ni umeme wa kuchoma plagi. Rilei nyingi zinafungwa kwenye miguu ya 30 na 87a, ambayo rilei ikiwa imelala inakuwa imeungana, maana yake GPS ikifa pikipiki inaendelea kutembea. Wengine wanasema huo ni udhaifu, mimi napendelea hivyo, sitaki mteja wangu azimikiwe porini usiku kwa sababu ya kifaa cha ulinzi. Kuna GPS hazikubali kuzima mpaka mwendo ushuke chini ya kilomita 20 kwa saa, soma maelezo ya yako, na kama inakubali kwenye mwendo wowote basi wewe jizuie. Kuna mtu juu ya hiyo pikipiki, na pengine ni dogo wako ambaye mkeo kamwazima bila kukwambia. Subiri kidoti cha kwenye ramani kitulie, chukua RB, ile namba ya taarifa yako, kituo cha polisi, nenda na askari. Usiende wewe na kijiwe kizima usiku na hasira, nawaomba sana.

Kufuli za diski tuzipitie haraka. Nzuri, ndogo, ila angalia gurudumu lako kwanza, Boxer na pikipiki nyingi za boda hazina diski, zina breki za dramu, hii kufuli haina pa kushika, na kuna muuzaji atakuuzia tu. Mnyororo basi, mnene, wa milimita 10 kwenda juu, na jaribu kwa tupa palepale dukani, tupa ikiteleza bila kuacha alama hicho chuma kimekomazwa, ikikuna kama sabuni rudisha. Pitisha kwenye fremu na kitu kisichong'oka, sio kwenye gurudumu peke yake. Na usiuache umelala chini, mkasi mkubwa ukipata ardhi ya kuegemea unakandamizwa kwa uzito wa mwili mzima.

Na mwisho haka kaswichi. Elfu 2. Nakaunga kwenye waya mwembamba wa palsa, ile sensa inayoiambia CDI lini plagi itoe moto, ule unapitisha umeme mdogo sana kwa hiyo swichi haiungui kama ukiiweka kwenye waya mkuu. Ukikazima, mtu anakuwa na ufunguo, selfu inazunguka, kiki inapigwa, plagi haitoi moto, anadhani pikipiki mbovu. Hakali betri hata kidogo. Ila lazima kawe ka kuzuia maji na kaungwe vizuri, vinginevyo pikipiki itaanza kukukohoa kwenye mvua. Wengi mmeandika nionyeshe nakafichaga wapi, hapana, hiyo sitaionyesha kwenye kamera, kila pikipiki naweka kwake na mwenye nayo anaambiwa pembeni.

Dogo mwenye Boxer bajeti yake ni elfu 20 na kitu. Kwa hiyo alamu nimeitoa kabisa, kitakachobaki ni shingo mpya, fyuzi ya ukweli na haka kaswichi, GPS atakuja kufunga akimaliza mwezi. Nageuza usukani kushoto hapa, injini iko inaunguruma, mita iko 14.1, narudisha kulia, 14.1. Haizimi. Nampigia aje aichukue.