Mashairi au insha ya wasifu: mwanafunzi wa Kiingereza aanze na kipi?

Kila muhula wazazi huniuliza: mtoto wa sekondari akazanie mashairi au insha za wasifu, yaani za kueleza kitu kilivyo?

Kwa gharama, insha inashinda mapema. Daftari na kalamu, basi. Mtume mtoto asimame dakika kumi mbele ya kibanda cha rolex (chapati ya mayai): mayai yanapigwa kikombeni na kitunguu, mafuta yanachachatika, chapati inaviringishwa. Akirudi ana aya nzima. Mashairi yanataka kitabu, na darasani kwangu nakala moja husomwa na watano, vichwa vikigongana.

Ila kwa kunoa sikio, shairi halina mpinzani. Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, alitunga utenzi wa Lawino kwa Kiacholi, lugha yake ya nyumbani, kisha akautafsiri mwenyewe. Song of Lawino ikatoka mwaka 1966. Mwanafunzi akiusoma kwa sauti anagundua kwamba Kiingereza kinaweza kubeba mdundo wa nyumbani. Sijaona insha ikimfundisha mtu hilo.

Kwa alama, insha inatabirika zaidi. Shairi humuumbua aliyekariri maelezo ya mwalimu, hasa akiletewa asilowahi kuliona. Kusahihisha? Insha sitini hunila wikendi nzima, na hapa nalalamika tu.

Anayechanganya nyakati za vitenzi, mwache aandike insha kwanza, moja kila wiki. Mwenye sentensi safi lakini baridi kama posho (ugali) ya jana, mpe mashairi.