Tumekodi trela tukazunguka Grand Teton, Yellowstone na Glacier: inafaa, ila ipaki mapema

Wenye haraka nawapa jibu hapa hapa, trela ndogo ya kukodi, yaani kile kinyumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, kwa safari ya watu wawili kwenye hifadhi za milimani kule Marekani inalipa, lakini inalipa kama kitanda na jiko, sio kama gari la kutalii, na ukichanganya hivyo vitu viwili utateseka barabarani na mwenzako atakununia. Sisi tulikuwa mimi na mume wangu, pikapu yetu wenyewe, na trela ya futi 19 ya mtu binafsi tuliyoichukua Idaho. Tukaingia Grand Teton, tukapanda Yellowstone, tukamalizia Glacier kule Montana juu kabisa karibu na mpaka wa Kanada.

Bei kwanza maana najua ndo mnachotaka. Usiku mmoja ulikuwa zaidi kidogo ya dola 100, alafu weka bima, weka ada ya usafi, weka dipoziti, basi ile bei tamu ya kwenye tangazo inabaki kuwa ya kwenye tangazo. Na mafuta jamani, pikapu ikiwa inavuta ilikuwa inakunywa karibu mara mbili ya kawaida yake, kila kituo tunachokiona tunasimama. Bado ukilinganisha na vyumba vya ndani ya hifadhi mwezi wa saba tunaona tumeokoa, hasa kwa kuwa tulikuwa tunajipikia wenyewe. Kingilio kila hifadhi kati ya hizo tatu kwa wanaoishi Marekani ni dola 35 kwa gari, kwahiyo kama unaishi huko chukua ile pasi ya mwaka ya dola 80, hifadhi tatu tu imeshajilipa.

Trela yenyewe: kitanda nyuma kimebanwa ukutani pande tatu, yaani aliyelala ndani akitaka kwenda choo usiku lazima amruke mwenzie, na wa ndani nilikuwa mimi. Godoro jembamba. Choo na bafu vipo kwenye kaboksi kamoja, unaoga huku goti limegusa sinki. Jiko la gesi mafiga mawili zuri sana, friji inayotumia gesi au umeme nayo ilikuwa poa, ila friji za aina hiyo zinataka trela isimame sawasawa, ikiinama haipoi vizuri, kwahiyo kila tukifika kambini mume wangu anatoa pima maji yake kama fundi muashi na kuanza kuweka mbao chini ya tairi. Mi nilikuwa nacheka mpaka siku niliyokuta maziwa bado yamepoa baada ya masaa mengi ya jua, nikanyamaza.

Kipima tangi la choo kilikuwa kinasema limejaa muda wote, hata tukiwa tumetoka kulimwaga dakika tano zilizopita. Nasikia trela nyingi ziko hivyo. Kumwaga ni kazi ya mume wangu tulishakubaliana tangu nyumbani, vaa glavu, fungua tangi la choo kwanza alafu ndo ufungue la maji ya sinki na bafu, yale ya mwisho yanasuuza paipu. Ukigeuza mpangilio paipu inabaki na mambo yake na unasafiri nayo.

Sasa kuvuta milimani. Hapa ndo naona watu wengi wanadanganyana eti pikapu yoyote inatosha. Injini isiyo na tabo (turbo, kile kinachoisukumia injini hewa) inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila ukipanda futi 1,000 kwa sababu hewa ni nyepesi, na Yellowstone sehemu kubwa unatembelea juu ya futi 7,000, fanya hesabu mwenyewe. Mwenye trela alitupa kile kidude cha breki kinachofungwa kwenye pikapu, maana trela ina breki zake za umeme na kidude ndo kinaziamuru, na akatuonyesha jinsi ya kupima: unatembea polepole kwenye sehemu tupu, unabonyeza kidude peke yake bila kugusa pedo, ukisikia trela inakuvuta kwa nyuma basi iko sawa. Kwa hilo tu nampa nyota zote. Mzigo nao mzito ukae mbele ya ekseli, pua ya trela ibebe kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, ikiwa nyepesi mkia unaanza kucheza kila lori likikupita na hiyo sio kitu cha kufanyia mzaha. Kushuka ni gia ndogo, injini ndo ikushikilie, ukikalia breki mteremko mzima zinapata moto na zikishapata moto hazishiki.

Kutoka Idaho kwenda Jackson, mji ulio karibu na Grand Teton, njia fupi ni ile ya kuvuka mlima ya Teton Pass, ramani ya simu itakupeleka hapo bila aibu, na ina mwinamo wa asilimia 10. Hatukupita. Tulishika barabara ya 26 kupitia Swan Valley mpaka Alpine, alafu ukafuata korongo la mto Snake kuingia Jackson, ndefu zaidi lakini ni tambarare kiasi na inapendeza, unakwenda na maji pembeni muda wote. Kama unavuta kitu na hujazoea, pita huko, usishindane na mtu.

Grand Teton nitaisema kwa kifupi kwa sababu uzuri wake hauna maneno mengi, ile milima haina vilima vya kuitangulia, uwanda uko flati alafu ghafla mawe yanasimama mpaka mita 4,199. Kambi ya Gros Ventre ina baadhi ya nafasi zenye umeme na tulipata moja, lakini tulibuku mapema sana, miezi sita kabla ndo dirisha linafunguka na zinaisha upesi. Trela tukaiacha hapo, tukazunguka na pikapu tupu. Barabara ya Moose-Wilson trela haziruhusiwi kabisa, na hapo ndo tulipoanza kuelewa kwamba kila kitu kizuri kwenye hizi hifadhi kiko mwisho wa kibarabara chembamba ambacho trela haiingii au ikiingia haina pa kugeuzia.

Kurudisha nyuma! Kila anayeandika kuhusu trela anasema hapo ndo ndoa zinapovunjika, mi nasema zinavunjika kwa sababu ya lugha mbovu ya maelekezo. Mtu wa nje anapiga kelele "kata kulia, kulia!" na aliye kwenye usukani hajui ni kulia kwa tairi au kulia kwa mkia, maana trela inaenda kinyume. Sisi tulikubaliana mimi nitasema tu mkia uende wapi, upande wa mti au upande wa meza, basi. Ye anashika usukani kwa chini, mkono ukienda kushoto mkia unaenda kushoto, hakuna kufikiria. Na redio ndogo za mkononi nunueni, simu hazina mtandao sehemu nyingi za huko. "Mama, naona giza tu huku nyuma," ananiambia kwenye redio. "Giza ni mti baba, simama." Akasimama. Tairi ikawa kama shubiri moja kutoka kwenye shina.

Yellowstone ndo tulikaa muda mrefu zaidi. Hifadhi ya kwanza ya taifa Marekani, tangu 1872, na kwa mwenye trela kuna kambi moja tu ndani yake yenye umeme, maji na bomba la maji taka kwenye nafasi yako, Fishing Bridge. Jina linamaanisha daraja la kuvulia samaki lakini kuvua pale darajani kulipigwa marufuku 1973, usije na ndoano. Kambi yenyewe haina mvuto, magari yamepangwa karibu karibu na unasikia jirani anavyokoroma, na mahema hayaruhusiwi hata yale matrela ya kitambaa, ni kuta ngumu tu kwa sababu ya dubu. Lakini ina maji moto, ina mashine za kufulia, na iko mahali pazuri, mbele kidogo tu ni bonde la Hayden. Ningeibuku tena bila kufikiri mara mbili.

Bonde la Hayden amkeni alfajiri. Baisani, wale nyati wa Marekani wenye manyoya, wanavuka barabara wanavyotaka wao, foleni inasimama nusu saa na hakuna wa kupiga honi, dume moja lilipita ubavuni mwa pikapu nikaona jicho lake na pumzi yake kwenye kioo, mume wangu ambaye kwa kawaida haachi kuongea akawa kimya kabisa. Na sisi tulikuwa na pikapu tupu! Nyuma yetu kulikuwa na mtu na trela ndefu kuliko yetu, foleni ilipofunguka ikabidi apite kila sehemu ya kusimama maana zote zimejaa, hakuona kitu masikini. Sheria ni yadi 25 kutoka kwa baisani na elki (aina ya paa wakubwa), yadi 100 kwa dubu na mbwa mwitu, na baisani wamejeruhi watu wengi kuliko mnyama mwingine yeyote pale, msidanganyike na upole wao wa kutafuna majani.

Kuna kitu kimoja nje ya mada, ziwa dogo la Isa, liko barabarani pale juu kabla hujafika Old Faithful, ile chemchemi ya maji moto inayoruka juu, watu wanapita wakiikimbilia. Maji ya ziwa lile yanatoka nje kwa pande mbili, huku yanaelekea bahari ya Pasifiki na huku yanaelekea ghuba ya Meksiko, na ajabu upande wa mashariki ndo unaoenda magharibi na wa magharibi ndo unaoenda mashariki. Ziwa lenyewe limejaa majani ya yungiyungi tu. Tulikula mayai ya kuchemsha pale.

Chakula: kule juu kama mita 2,400 maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100, kwahiyo maharage unaweza kuyachemsha mpaka gesi iishe. Bebeni sufuria ya presha. Wali unaiva ila unachukua muda na maji zaidi. Na usiku hata Julai baridi inakaribia kuganda, hita ya trela inatumia gesi lakini feni yake inatumia betri, mkiwa na umeme wa kambi hamtaona tofauti.

Tofauti tuliiona Glacier. Kule kambi za ndani ya hifadhi hazina umeme kwenye nafasi hata moja, na trela yetu ilikuwa na betri moja tu bila sola, alfajiri feni ikaanza kulegea alafu kimya, tukaamka tunatoa moshi mdomoni. Jenereta ina masaa yake ya kuruhusiwa, huwezi kuiwasha usiku. Hapo ndo nimekata nyota moja, mtu anayekodisha trela ya kwenda milimani anatakiwa aweke sola au betri ya pili, sio kitu cha gharama sana, na kwenye tangazo aliandika inajitegemea kila kitu.

Njiani kwenda Glacier msipite ziwa Flathead bila kununua cheri, yale matunda madogo mekundu, za pembeni ya barabara kama ni msimu, mi niliacha nafasi kwenye friji makusudi.

Alafu barabara maarufu ya Glacier, Going-to-the-Sun. Gari lolote linalozidi futi 21 kwa urefu au 8 kwa upana ukihesabu na vioo haliruhusiwi kwenye kipande cha juu, kati ya kambi ya Avalanche na Rising Sun, na gari na trela vinahesabiwa pamoja. Ukuta wa mwamba upande mmoja, shimo upande mwingine. Trela ilibaki kambi ya Apgar, na sisi tukaacha hata pikapu maana ina vioo vya kuvutia trela vimetoka nje kama masikio, tukapanda yale mabasi mekundu ya miaka ya 1930 ambayo paa lake la turubai linakunjwa. Sio bei rahisi. Lakini kwa mara ya kwanza safari nzima dereva wangu naye aliangalia mlima badala ya mstari wa barabara, akawa ananionyesha mimi vitu, kule Logan Pass mbuzi weupe wa milimani walikuwa wametulia tu juu ya mawe. Nadhani hiyo siku ndo iliyolipia trela yote.

Kuhamisha trela kwenda upande wa mashariki wa Glacier tulizunguka kwa kusini barabara ya 2 kupitia Marias Pass, tukafika Browning kwenye ardhi ya Blackfeet, kabila la wenyeji wa asili wa huko, alafu 89 kwenda St. Mary. Hii ndo njia ya wenye trela, mteremko wake ni wa kistaarabu na reli inakwenda na wewe sehemu kubwa.

Kwahiyo nyota nne. Kununua trela hapana, tumeongea na mume wangu na wote tumekataa, sehemu ya kuiegesha mwaka mzima tutaitoa wapi. Kukodi ndiyo, isizidi futi 20, na kabla hujalipa muulize mwenye nayo betri ngapi, sola ipo, na kitanda unakifikia kutoka pande ngapi. Dipoziti ilirudi ndani ya wiki, wamekata hela ya kujaza gesi tu.