Nyenze wa Han au wanyama wa Boshan?

Wote ni sanamu ndogo za kioo kutoka China ambazo watu hukusanya, lakini kazi zao ziko mbalimbali.

Nyenze wa enzi ya Han (206 KK hadi 220 BK) alitengenezwa ili awekwe kinywani mwa maiti. Mdudu huyu huibuka ardhini akajivua gamba, ndiyo maana alibeba tumaini la kuzaliwa upya. Wenye uwezo walitumia jiwe la jade. Kioo chenye madini ya risasi na bariamu kilikuwa mbadala wake, na rangi yake iliigiza jade hiyohiyo. Udongo wa kaburini umemla: ngozi yake imepauka, pengine inamemeta rangi za upinde wa mvua.

Wanyama wa Boshan, mkoani Shandong, ni wa kupamba kabatini. Fundi hulainisha ufito wa kioo motoni, akavuta shingo ya farasi au mkia wa samaki kwa koleo. Palipovutwa sana ndipo huvunjika kwanza, hivyo pitisha kidole miguuni na mkiani kabla ya kulipa.

Kwa anayeanza kukusanya, mimi ningesema Boshan. Nyenze ni mali ya kaburini. Asipokuwa na hati za alikotoka, simgusi hata kwa bei ya bure.