Makomando wa Saint-Nazaire katika hazina ya majina ya wafu wa vita

Mwalimu wa historia wa hapa Lubumbashi anayefundisha Vita Kuu ya Pili bila maktaba ya kutosha atafaidika na hazina ya majina ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, tume iliyoundwa mwaka 1917; hazina hiyo ina kumbukumbu za wafu wapatao milioni 1.7 na hupekuliwa bure kwenye intaneti. Mimi niliipima kwa shambulio la makomando wa Uingereza, yaani askari wa mashambulizi ya ghafla, dhidi ya Wajerumani katika bandari ya Saint-Nazaire, Ufaransa, la tarehe 28 Machi 1942, pale manowari Campbeltown iliyosheheni baruti ilipogonga lango la guda la Normandie, ikalipuka saa kadhaa baadaye. Washambuliaji 169 walikufa.

Ukiandika jina la shambulio tu hutafika mbali, kwa maana waliokufa pamoja hawakuzikwa pamoja. Wapo waliolazwa Escoublac-la-Baule, karibu na Saint-Nazaire, wapo Falmouth, bandari walikoondokea, na askari wa nchi kavu ambao miili yao haikuonekana wameandikwa majina kwenye mnara wa Brookwood, Uingereza, wenye majina kama 3,500. Tafuta basi kwa tarehe ya kifo, kisha uchuje kwa makaburi au mnara.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba makomando walitolewa katika vikosi mbalimbali, na kila mmoja ameorodheshwa chini ya kikosi chake cha asili. Sajini Thomas Durrant, kwa mfano, yuko chini ya Royal Engineers (kikosi cha wahandisi wa jeshi la Uingereza), ingawa alikufa akiwa komando. Ukurasa wake unataja cheo, namba ya jeshi, kaburi na nishani ya Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, ambayo alipewa mwaka 1945 baada ya afisa wa Kijerumani aliyepambana naye kuusifu ushujaa wake (sifa ya adui si jambo dogo).

Lugha ni Kiingereza, kwa hiyo wanafunzi wetu waliozoea Kifaransa watahitaji kusaidiwa. Ni afadhali mwalimu aipakue orodha mapema na kuichapisha kabla umeme haujakatika. Tena, askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, waliopigana Abisinia (Ethiopia) mwaka 1941 hawamo, kwani Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji: anayemtafuta babu yake aliyekwenda Asosa au Saio aanzie kwenye nyaraka za Wabelgiji.